Msemaji wa Kavata

Muthama alikuwa akipukuchua mahindi nyumbani kwake Kikima aliposikia gari. Hakuinuka. Wakubwa walikuja na gari siku mke wake alipozikwa. Walileta pole. Dawa kwenye zahanati hawakuleta.

Lakini huyu alikuwa meneja wa timu ya voliboli ya kampuni moja ya Nairobi. Alimtaka Kavata, binti yake Muthama.

"Mzee, tia sahihi hapa. Msichana atapata kazi na atacheza. Wengine wanangoja."

"Na akiumia?"

"Mbona unamtabiria mabaya mtoto wako?"

Muthama akaona haya, akashika kalamu. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na yeye Kiingereza hajui. Mkubwa humpenda sana mtu asiyeuliza.

"Baba," Kavata akasema, "hata siku ya mahari yangu utaongea peke yako?"

Muthama akaweka kalamu chini. Kweli, mahari ina msemaji wake.

"Rudi Jumamosi," akamwambia meneja. "Nitamwita Nzomo."

Jirani yao Kalondu akacheka mpaka akashika kiuno. "Asi! Nzomo wa gitaa? Huyo anajua kuchezesha watu harusini. Mkataba ataujulia wapi?"

Nzomo alikuwa ameacha bendi. Siku hizi aliwasemea wachezaji. Jumamosi alifika mapema.

"Cheka tu, Kalondu," akasema. "Wenye baa walikuwa wananiambia, 'Piga kwanza, tutaongea baadaye.' Watu wakishacheza, nani atakusikiza? Nikajifunza. Gitaa halitoki kwenye mfuko kabla hatujaelewana. Na Kavata asivae jezi ya mtu leo."

Meneja alipokuja, Nzomo alitaka karatasi isomwe yote kwa Kikamba. Kisha akauliza, "Akiumia uwanjani, nani atamtibu? Kazi atabaki nayo? Akitaka kuhama, atahamaje?"

"Hayo tutaangalia baadaye."

"Tuangalie sasa."

Meneja akanyamaza. Akatazama saa. Akataja msichana mwingine wa mji wa Wote, hodari zaidi. Muthama akaichukua kalamu tena. Akafungua mdomo akubali.

"Nyamaza, Baba Kavata," Nzomo akamnong'oneza. "Mwache abebe kimya chake mwenyewe." Akaendelea kula sahani yake ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, polepole, kama mtu aliyealikwa kushinda hapo.

Meneja akapumua. "Haya. Tuandike."

Yote matatu yakaandikwa. Nakala moja ikabaki na meneja, nyingine na Kavata.

Mwaka uliofuata Kavata aliumia goti vibaya. Kampuni ikamlipia hospitali, na kazi yake ikamngoja. Wasichana wengine wa timu walioumia walikuwa wamerudishwa kwao na nauli tu.

Goti likapona. Kwenye fainali, Muthama alikaa jukwaani Nairobi. Kavata akaruka, akapiga, mpira ukachimba sakafu. Kombe!

"Huyo msichana ni wa nani?" akauliza mtu wa kando yake.

"Wangu!" Muthama akapaza sauti, amesimama juu ya kiti. "Na hilo goti unaloliona likiruka, limeandikwa!"