Katibu wa Nafaka, Katibu wa Matunda

Siku ya kuhesabu kura za uongozi wa soko, soko la Tandale lilijaa hadi pa kukanyaga hapakuwepo. Kokushubila wa kambi ya wauza nafaka, na kitenge chake cha njano, akamkanyaga kijana wa kambi ya matunda.

"Sista, hata hujashinda ushaanza kutukanyaga!"

"Samahani braza. Nikishinda ndo nitakukanyaga vizuri."

Kijana akacheka, akajitambulisha: Hudhaifa.

Wagombea wadogo walizigawa kura, hakuna kambi iliyopata nusu. Mahasimu wakalazimika kuongoza pamoja: nafaka wakatoa mwenyekiti, matunda makamu, na kila upande katibu wake, Koku na Hudhaifa. Wakapatana kwamba kila tangazo makatibu wasimame wote wawili kulisoma, isije ikaonekana upande mmoja umeburuzwa.

Mwaka wa kwanza, raha tupu. Na wao wakapendana kweli kweli.

"Umekula, roho yangu?"

"Nakusubiri wewe unilishe."

"Mie mpinzani wako, nitakuwekea pilipili!"

Mwaka wa pili, matunda wakaanza kununa. Taa zikiwekwa, wanasifiwa nafaka. Mtaro ukiziba, wanalaumiwa wote. "Umemezwa, Hudhaifa," wakamwambia.

Ndipo viongozi wa pande zote wakaamua wauza matunda waondolewe njiani. Koku akamwonea huruma mpenzi wake, asije akazomewa na watu wake mwenyewe. Akawahi asubuhi, akasoma tangazo peke yake. Jamani, Koku!

Matunda wakawaka: hata kusimama hatusimamishwi tena! Mchana huo wakajitoa kwenye uongozi. Jioni simu ikaita.

"Koku, kwa nini?"

"Nilitaka matusi yanipate mie."

"Bora ningezomewa nimesimama. Sasa naitwa pambo lenu."

"Nitawaambia kosa ni langu, mpenzi. Nitajiuzulu."

"Watasema nimekutuma." Akavuta pumzi. "Wamenitaka nigombee uenyekiti dhidi yenu. Nimekubali."

"Na sie wawili?"

"Nani atanipa kura, akijua jioni nakula kwako?"

Koku alilia mpaka sauti ikakauka.

Uchaguzi ukaja, na safari hii tena hakuna aliyepata nusu. Waliotukanana majukwaani wakarudi meza moja, wakaagiza soda, wakacheka. Hudhaifa, sasa makamu mwenyekiti, akasoma sharti la kwanza la matunda bila kuinua macho: katibu wa nafaka awe mwingine.

"Wanaoafiki?" mwenyekiti akauliza.

Koku akanyoosha mkono pamoja na wenzake. Kisha akatoka, akaenda kulia nyuma ya magunia ya mahindi.