Kizibo cha Sitara

Kizibo kilikuwa kimeloa. Ndicho kitu cha kwanza, na laiti wangekitilia maanani siku ile ile, mie leo nisingekuwa na la kusimulia.

Ilikuwa Jumapili alasiri, ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga nyuma ya Mtaa wa Kongo. Mboni na mumewe Khalfani, wakala wa mizigo bandarini, walikuwa na wageni wao wale wale: Husna, jirani muuza vitenge, na Pantaleo, fundi cherehani wa ghorofa ya chini. Mezani palikuwa na ubao wa Mafuriko, mchezo ambao haukutoka dukani. Aliuchora Sitara, mdogo wake Mboni, kwenye kipande cha plaiwudi: mlima, bonde, mto, nyumba, na vizibo vya soda vilivyopakwa rangi ndio watu. Humo hamshindani ninyi kwa ninyi, mnashindana na maji. Kizibo chako kikizama unapiga kelele, "Jamani, nitoeni!" na wenzako lazima waitike, "Tunakuja!" waache zamu zao wakutoe. Mmoja akibaki majini, wote mmeshindwa.

Kizibo cha Sitara kilikuwa cha bluu. Mwenyewe alikufa masika ya mwaka jana. Maji yalimsomba kwenye bonde la Jangwani akitoka Magomeni kwa miguu kuja kucheza, na Mboni akakifunga kizibo chake kwenye kitambaa, akakitia ndani ya kopo la vifungo. Sasa kiko ubaoni, katikati ya mto, kinachuruzika maji.

"Nani kakitoa?" Mboni aliuliza.

"Panya," Khalfani akajibu harakaharaka.

Panya! Panya wa wapi huyo anayefungua kopo la bati na kufungua fundo?

Wakakiweka pembeni, wakaendelea. Nyumba ile ilikuwa na sheria yake: kabla ya kucheza, simu zote zinatiwa ndani ya hotpoti ya wali, kifuniko kinabanwa, na mlinzi wa hotpoti ni Khalfani. Basi dadu haikurushwa mara mbili, hotpoti ikaanza kutetema.

"Ya nani hiyo?" Pantaleo akauliza.

Khalfani akainua kifuniko, akachungulia. "Wateja tu," alisema, akakibana tena upesi. Husna, ambaye macho yake hayana adabu, alikuwa keshaona: simu zote nne zilikuwa zimezimwa. Hotpoti ikatetema mara saba, kisha chumba kikajaa harufu ya tope bichi la mtoni.

Jumapili ya pili ilikuwa vilevile, na safari hii kwenye mtetemo wa saba ikatoka sauti chini ya kifuniko, nyembamba, kama ya mtu mwenye maji mdomoni.

"Shemeji... nitoeni."

Husna aliruka kutoka kitini. Pantaleo akapiga ishara ya msalaba. Mboni alimgeukia mumewe taratibu. Mle ndani, wa kuitwa shemeji na Sitara alikuwa mmoja tu.

Alhamisi yake Mboni akaenda Buguruni kumleta mganga, Mzee Mbaruku.

"Shikamoo, mzee," Khalfani alisema mlangoni, macho chini.

"Marahaba." Mzee alifukiza ubani chumba kizima, akakaa mbele ya ubao mpaka makaa yakafa. "Jini wa bonde huyu, kavaa sauti ya marehemu. Mie simfukuzi, kwa sababu hakuja mwenyewe. Kaitwa na jambo lililofichwa humu. Mwenye nalo aseme."

Khalfani akaanza kulia, na kilio chake ndicho kilichosema kabla ya mdomo.

"Alinipigia mimi," alinong'ona. "Yako ilikuwa imeisha chaji, Mboni. Saba. Mara saba. Niliona jina lake, na ilibaki zamu moja tu tushinde. Nikasema ni wateja. Nilidhani kakwama kwa mvua tu, wallahi, nilidhani kakwama tu."

"Mwaka mzima," Mboni alisema. "Mwaka mzima nimelia kifuani kwako, Khalfani. Na wewe unanifuta machozi!"

Mzee Mbaruku akakata shauri. Jumapili, kabla ya magharibi, Khalfani aende peke yake Jangwani pale alipoangukia Sitara, amwombe msamaha kwa sauti. Mboni abaki na ubao, kizibo cha mumewe kikiwa mlimani. "Hofu ikimshika atakupigia. Pokea, mwambie 'Tunakuja.' Usipoitika, maji hayatamrudisha."

"Utapokea, mke wangu?"

"Nitapokea."

Jumapili mvua ilianza saa tisa. Husna na Pantaleo walipofika waliambiwa Khalfani kaitwa bandarini, kuna kontena lazima litoke leo. Wakakaa. Mboni akakusanya simu kama kawaida, akatia na yake, akabana kifuniko, akavuta hotpoti karibu na goti lake.

"Ah, Mboni, leo tena?" Husna alilalamika.

"Sheria ni sheria."

Hotpoti ikatetema. Mboni akainua kifuniko kidogo, akaona jina la mume wake likiwaka, akaona na kizibo chekundu cha mume wake kinateremka mlimani chenyewe, polepole, bila kuguswa, kinafuata njia ile ile aliyoichora mdogo wake kwa brashi, na harufu ya tope ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, na mkono wake ukataka kwenda, wallahi ulitaka, ulifika mpaka ukingoni mwa hotpoti, lakini masikioni mwake alimsikia Sitara akiita, si mara moja, saba, na hakuna aliyemjibu.

"Nani huyo?" aliuliza Husna.

"Wateja tu," Mboni akasema, akabana kifuniko.

Ilipoisha ya saba, kizibo chekundu kilikuwa katikati ya mto. Kile cha bluu kilikuwa kimekauka kabisa. Harufu ikaondoka, na Pantaleo akapumua, akasema leo nyumba nyepesi.

Khalfani alipatikana Jumatatu asubuhi. Watu walimpa Mboni pole, akaipokea, akakaa eda yake. Husna na Pantaleo walikuja kila Jumapili kumliwaza, na siku moja, kwa kutojua la kufanya, Husna akaushusha ubao kabatini. Safari hii simu zote walizipanga mezani, wazi, kila mtu akiiona yake. Hotpoti ilikuwa juu ya kabati, tupu, imeoshwa.

Ikaanza kutetema.

Husna na Pantaleo wakamtazama Mboni, wakingoja awaambie ni nani.