Chupa ya Saba

Shangazi alikirudisha kikombe mezani bila kunywa, akasema maji yamechoka.

Huyo Shangazi alikuwa mtoto wa miaka sita. Nyumbani walimpachika jina hilo kwa ajili ya kuamrisha kwake: baba yake akipinda mgongo kwenye cherehani anaambiwa akae sawa, mgeni akivua viatu ovyo mlangoni anarudishwa akavipange. Mama yake alicheka, maana "maji yaliyochoka" yalikuwa maneno yake mwenyewe ya kazini, akadhani mtoto anamwigiza. Akakinusa kikombe. Kwa mbali kulikuwa na harufu ya ngozi mbichi na chokaa. Akamwaga, akachota mengine, akaendelea na shughuli zake.

Mtaa mzima ulimjua mama huyo kwa jina la Mama Chupa. Kila Jumanne asubuhi alionekana akishuka mtoni na buti za mpira, kreti ya chupa begani. Alikuwa mpimaji wa kikundi cha walinzi wa mto, watu kumi na mmoja wenye ofisi ya chumba kimoja na kabati lisilofunga. Mto ulikuwa na vituo sita. Kila kituo alitumbukiza mita na kupima hewa iliyomo majini, maana samaki na wadudu wa mtoni nao huvuta pumzi. Ikisoma saba na kuendelea, mto ni mzima. Ikisoma nne, unahema. Chini ya mbili hakuna kinachoishi. Akishapima, anajaza chupa moja ya kupeleka maabara.

Vituo sita, chupa sita. Ya saba haijazwi mtoni. Inatoka ofisini na maji ya betri, yale safi yasiyo na kitu ndani, inabebwa hadi kituo cha nne, inafunguliwa, mpimaji anahesabu mpaka sitini, anaifunga na kuirudisha. Maabara wakiikuta na uchafu, wanajua umetoka kwenye mikono ya mpimaji. Yaani ni chupa ya kumchunga mchungaji, na Mama Chupa hakuwahi kuipenda.

Sasa, wiki moja kabla ya Shangazi kukikataa kikombe, maji ya betri yaliisha ofisini. Mwenyekiti alikuwa ameahidi kuleta mengine, na ahadi za mwenyekiti mtaa mzima unazijua. Mama Chupa hakutaka kupoteza asubuhi. Akapitia nyumbani, akafunua mtungi wa maji ya kunywa, akaijaza chupa ya saba humo. Maji masafi, yamechemshwa, yamechujwa kwa kitambaa. Nani angejua?

Kituo cha nne kiko chini ya bomba la kiwanda cha ngozi, mahali ambapo maji ni ya rangi ya chai iliyolala. Alichuchumaa kwenye jiwe lake, akafungua chupa, akaanza kuhesabu. Alipofika arobaini na ngapi sijui, mtu akapiga hodi nyuma yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, yenye adabu. Na mtu aliyefunzwa kwao haachi hodi ikapita bila jibu.

"Karibu," alisema, macho kwenye chupa.

Alipogeuka hakuona mtu. Palikuwa na matete, na tope, na kwenye tope nyayo za buti zake peke yake. Ndani ya chupa povu moja dogo lilipanda kutoka chini likapasuka juu. Alijicheka, akamaliza sitini zake, akafunga kizibo, akatia sahihi kwenye fomu.

Hilo ndilo kosa lote, halina kingine. Alichukua maji ya nyumba yake, akayafungua mbele ya mto, na mto ulipobisha akaukaribisha.

Baada ya siku ya kikombe, mtungi ulianza kuguna. Mchana kweupe, baba mtu akiwa kwenye cherehani yake barazani, ungesikia kutoka jikoni sauti ya mtu anayepuliza maji kwa mrija. Ukifunua mfuniko, kimya. Ile harufu ya ngozi ilihama kwenye vikombe ikaingia kwenye mashuka, na sakafu ya jikoni, iliyopigwa deki asubuhi, ilikutwa adhuhuri na utelezi wa kijani. Baba mtu alisema ni bomba linavuja. Alisema hivyo mara tatu, na mara ya tatu hakumtazama mkewe usoni.

Kisha Shangazi akaanza kukosa pumzi. Hakukohoa wala hakuwa na homa. Alikaa tu katikati ya mchezo, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mapafu ni safi kabisa, akawaambia wafungue madirisha. Wakafungua madirisha. Siku hiyo, akiwa amelala mkekani saa saba mchana, mtoto alisema bila kufumbua macho, "Tatu nukta mbili." Mama yake aliyekuwa akikunja nguo alisimama na kanga mkononi, kwa sababu asubuhi ile ile, kwenye kituo cha nne, alikuwa ameandika tatu nukta mbili, na ile fomu ilikuwa bado ndani ya mkoba, haijaonwa na mtu.

Akachukua mita. Kwanza alikwenda kwa jirani, akaomba kupima maji yake ya kunywa, jirani akamcheka: siku hizi unatupima na sisi? Mita ikasoma saba na nusu. Akarudi kwake, akaumwaga mtungi wote uani, akausugua, akajaza maji ya bomba lile lile la jirani, akatumbukiza mita. Saba na nusu. Akashusha pumzi. Lakini hakuitoa mita, sijui kwa nini hakuitoa, na akiwa amesimama hapo jua likiingia dirishani na watoto wa mtaa wakipiga kelele barabarani, namba zikaanza kushuka, saba, sita na nukta, tano, taratibu kama mtu anayeteremka ngazi gizani na kupapasa kila kidato, na nyuma yake mkekani pumzi ya mwanawe ikawa inashuka nazo, nzito, fupi, fupi zaidi, mpaka mita ikasimama kwenye tatu nukta mbili na mtoto naye akatulia hapo hapo, akihema. Kutoka ndani ya mtungi, karibu na mkono wake, ile sauti ya chini yenye adabu ikasema, "Hodi."

Alijiziba mdomo kwa viganja viwili asije akajibu.

Jioni ile alimweleza mumewe yote, kuanzia maji ya betri. Fundi hakubisha. Alfajiri alimbeba mtoto akampeleka kwa dada yake, mbali na mto, juu mlimani. Siku ya pili dada mtu akapiga simu, akauliza kwa sauti ya kujizuia kama kuna jambo hawakumwambia, kwa sababu mtungi wake unanuka na mtoto hataki kunywa. Wakamrudisha Shangazi nyumbani.

Mganga waliyempata alikuwa mtu wa makamo mwenye mkoba wa karani na saa ya mkononi, asiye na mbwembwe. Alifukiza, akasoma alichosoma, akaweka sikio kwenye mtungi muda mrefu kama daktari. Aliponyanyuka alikuwa na jasho.

"Huyu ni wa zamani," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mwenye mto. Anakabwa huko, miaka na miaka. Hakuja kwa ubaya, dada yangu. Alikuwa anatafuta mtu wa kuhema naye, na wewe ulimfungulia mlango."

"Mtoe."

"Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Husindikizwa. Niletee maji yale yale uliyomfungulia, ndani ya chupa ile ile, tukamwage pale pale. Atarudi nayo. Maji mengine hayafai."

Mama Chupa alikwenda maabara mbio, akafika hana sauti. Mtu wa maabara alimpokea kwa uso wa kununa. Chupa yako ya saba, alimwambia, ilikuwa na maji ya kituo cha nne, nukta kwa nukta. Siku nyingine uangalie unavyobandika namba. Aliuliza chupa iko wapi. Akaonyeshwa rafu: chupa arobaini, zote zimeoshwa kwa tindikali, zimefutwa namba, zinang'aa. Akauliza maji yenyewe. Mtu wa maabara akaonyesha sinki kwa kidevu, akasema ndiyo taratibu, kila kitu humwagwa Ijumaa. Hakuelewa kwa nini yule mama alikaa chini sakafuni.

Mganga aliposikia alifunga mkoba wake. Ujira hakutaka. Aliwaambia mtoto atavuta pumzi kama mto unavyovuta, na kwamba kama wanaweza kuufanya mto uwe mzima, waufanye. Ndivyo alivyoaga.

Basi Mama Chupa akajifunga kibwebwe. Asikwambie mtu, mwezi ule mto ulipata mtumishi. Alizoa takataka kwa mikono, alizibua mitaro, aligombana na waosha magari mpaka wakahama, alilala na fomu na kuamka nazo. Kituo cha nne kikapanda nne, kikapanda tano. Siku kiliposoma sita nukta moja, Shangazi aliamka akamwambia baba yake shati alilovaa halina kifungo, na huyo baba, mtu mzima na ndevu zake, alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Maji ya mtungi bado yalinuka. Lakini mtoto alikuwa anaamrisha, na kwao hiyo ilitosha.

Ndipo barua ikaja ofisini. Kiwanda cha ngozi kilitoa taarifa kwamba kabla ya mvua kitasafisha bwawa lake la maji machafu, na maji ya chini ya bwawa yatafunguliwa mtoni Jumanne, kwa saa mbili tu. Mwenyekiti aliisoma kama mtu anayesoma tangazo la arusi. Alisema angalau safari hii wametujulisha. Mama Chupa alimwomba, akapiga magoti mbele ya watu kumi, akasema mwanangu atakufa, nao wakatazamana kwa huruma ile ya kumtazama mtu ambaye kazi imempanda kichwani. Alikwenda kwenye geti la kiwanda siku tatu mfululizo. Bawabu, mzee mpole, alimpa kiti na kumwambia amri imetoka juu, yeye kazi yake ni geti.

Jumanne alikuwa kwenye jiwe lake kabla ya jua kupanda vizuri, mita majini, simu sikioni. Nyumbani mumewe alikuwa amemweka mtoto mapajani.

"Mpe simu," alisema Mama Chupa.

"Mama," sauti ya Shangazi ikaja, nzima, yenye madaraka. "Sita nukta moja. Umevaa buti?"

"Nimevaa."

Juu yake bomba likakohoa. Yaliyotoka mwanzo yalikuwa kidogo, kama mate, kisha yakaja kwa wingi, meusi, mazito, yenye manyoya na vipande vya mafuta, yakaingia mtoni na kutandaa, na kwenye simu mtoto akasema tano, na mama mtu akatazama mita ikawa bado haijafika tano, kisha ikafika. Akasema nne na nusu, mita ikafuata. Mama Chupa alikuwa ameingia majini hadi mapajani bila kujijua, anayasukuma yale meusi kwa mkono usio na simu, anayarudisha juu, na yanampita pembeni, yanampita katikati ya miguu, na sikioni sauti ya mwanawe inataja namba moja baada ya nyingine bila hofu, kama anavyowahesabia wenzake mchezoni, tatu, mbili na nusu, mbili, kila moja imeegemea pumzi fupi kuliko ya kabla yake, na nyuma ya sauti hiyo baba mtu anasema mwanangu, mwanangu, vuta, vuta.

"Moja," alisema Shangazi.

Mita ikaandika moja. Baada ya hapo kwenye simu ilisikika sauti ya fundi peke yake, akiita.

Samaki wadogo walianza kuelea, matumbo juu. Mama Chupa alisimama katikati yao. Hakulia, kwa sababu alikuwa anasikiliza. Na sauti ikaja, kutoka chini ya maji meusi, karibu kabisa na magoti yake, na safari hii haikuwa ya mwanamke.

"Hodi," alisema mtoto wake.

Kreti ilikuwa juu ya jiwe. Aliinyooshea mkono, akatoa chupa ya saba, akamwaga maji ya betri yote, akaitumbukiza mtoni mdomo ukiwa wazi. Upande wa pili wa simu mumewe alikuwa bado anaita.

"Karibu ndani, Shangazi," alisema, akasubiri povu lipande.