Kidole Kisicho na Usaha

Mama alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Ukifungua mlango wa mbele unakutana na cherehani, na nyuma yake vitambaa vya buluu vimepangwa karibu kugusa dari. Binti yake alisomea uuguzi, mwaka wa pili. Baba yake alimwita Daktari Nusu. Baba mwenyewe alichomelea mageti, na kipimajoto alikuwa hajawahi kukishika.

Mwaka huo nyumba ile haikuwa na raha. Mama alikuwa na saratani ya titi. Kila baada ya wiki tatu alitundikiwa dripu ya dawa kali hospitalini. Nywele zikaisha zote. Akajifunga kichwani kipande cha kitambaa cha sare, akasema, "Haya, na mimi mwanafunzi." Wote wakacheka. Binti alicheka kwa meno tu. Mama akikohoa, yeye roho juu. Mama akinyamaza, roho juu vilevile.

Siku ya nane baada ya dripu, sindano ya cherehani ilimchoma mama kidole. Akakiosha, akaendelea kushona. Siku ya kumi, mchana, jua linachoma bati mpaka linalia, cherehani ikanyamaza.

"Nasikia baridi," mama akasema.

Binti alikuwa sakafuni na daftari lake, anajisomea mtihani wa kinga ya mwili. Akaruka. Akakishika kile kidole, akakigeuza huku na huku, akikumbuka alivyofundishwa: kidonda chenye vijidudu kinakuwa chekundu, kinapata joto, kinavimba, kinauma, na pengine kinatoa usaha. Akatafuta, hakuona hata dalili moja.

"Kidole safi, mama. Hakina kitu."

"Basi ni uchovu. Nipe kile kidonge cha homa nilale."

Kidonge kikawa mkononi, maji kwenye kikombe. Hapo hodi ikapigwa. Jirani amefuata gauni lake. Huyu jirani alikuwa muuguzi miaka mingi, akastaafu, lakini saa yake ya kazini bado anaibandika kifuani. Mtaa mzima unamwita Bibi Saa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hicho kidonge cha nini?"

"Mama ana baridi kidogo. Nimemkagua kidole, hakina wekundu, hakina usaha."

"Joto umempima?"

Binti akatikisa kichwa.

"Weka kidonge chini, mwanangu. Ukishusha homa kabla ya kuipima, umeificha. Lete kipimajoto."

Kikasoma thelathini na nane na nusu. Bibi Saa akauliza dripu ilikuwa lini. Aliposikia siku ya kumi, hakuuliza tena habari ya gauni.

"Wewe ndiye msomi. Usaha ni nini?"

"Ni chembe nyeupe za damu, bibi. Zile zilizokufa zikipigana na vijidudu."

"Na ile dawa ya saratani inazifanyaje chembe nyeupe?"

"Inazipu..." Akamgeukia mama yake. "Inazipunguza. Wiki ya pili ndiyo zinakuwa chache zaidi."

"Enhe. Sasa sikia. Ngozi ni ukuta, na sindano imeutoboa. Mwizi akiingia mtaani kwetu inakuwaje? Watu wanatoka, makelele, vumbi, mkanyagano. Wekundu ndio huo, damu inakimbilia pale. Uvimbe ndio huo, maji na chembe nyeupe zinajaa pale. Lakini mwizi akikuta watu wote wamehama? Hakuna kelele. Anabeba anachotaka. Kidole cha mama yako si kizima. Hakina watu."

Binti akakishika tena kile kidole. "Mimi nimesema ni safi, bibi. Nimesema kwa mdomo wangu."

"Utalia baadaye. Mwite baba yako."

Baba alikuja na masizi mikononi na pikapu ya rafiki yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Kabla hawajaondoka, Bibi Saa akashika dirisha la pikapu. "Ukifika usikae kwenye benchi. Sema hivi: anatundikiwa dawa ya saratani, ana homa. Dawa ya kuua bakteria iingie kwenye mshipa ndani ya saa moja."

Hospitalini foleni ilifika mlangoni. Karani hakuinua hata kichwa. "Kaeni, mtaitwa."

Mama alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Binti sauti ikamtoka nyembamba, kisha ikapanda mpaka foleni nzima ikageuka. "Kaka, mama yangu anatundikiwa dawa ya saratani na ana homa! Hawezi kungoja!"

Muuguzi mmoja akatoka ndani anakimbia na kiti cha magurudumu. Wakamtoa mama damu, wakamtundikia dawa papo hapo. Majibu yakaja: chembe nyeupe za kupigana na bakteria, karibu hakuna.

Siku nne binti alikaa kando ya kitanda. Joto linashuka, linapanda, linashuka. Daftari hakulifungua. Kila asubuhi alikagua kidole, kiko vilevile, cheupe, kimya. Baba anakuja, anasimama mlangoni, anauliza kwa macho tu.

Siku ya tano hospitalini, asubuhi, mama akaamka analalamika. "Hiki kidole jamani! Kinanipwita. Hebu ona kilivyovimba."

Kilikuwa chekundu kama pilipili. Na pembeni ya kucha, katone ka usaha.

"Mama, una usaha!" Binti akapiga kelele, machozi yanamwagika, anacheka. "Baba, njoo uone, ana usaha!"

"Sasa ndio unashangilia?" baba akafoka kutoka mlangoni.

"Wamerudi, baba! Watu wamerudi mtaani!" Muuguzi naye akapitia na karatasi ya damu: chembe zimepanda.

Sasa nyumbani, kwenye msumari anaotundika mama futi yake ya kupimia nguo, kando ya cherehani, kinaning'inia kipimajoto. Ukutani kuna namba ya hospitali kwa maandishi makubwa: ikifika thelathini na nane, piga simu, usingoje wekundu, usimpe kidonge kwanza. Anayepima ni baba. Anavaa miwani, anashusha pumzi, anasoma polepole kama barua ya serikali.

"Thelathini na sita na nusu," anatangaza. "Na mimi niiteni Daktari Robo."

Na cherehani inaanza tena kulia.