Laiti Sadoki Angalisema

Umeme ulikatika mashine ikiwa imemeza nusu ya karatasi za Aikande. Nusu nyingine ilikuwa imeshatemwa sakafuni, juu ya buti za Sadoki.

Ilikuwa wiki ya kufungua shule, na duka lile la kutoa kopi karibu na Soko Kuu la Arusha lilijaa wazazi wenye vyeti vya kuzaliwa mikononi. Sadoki, kijana mrefu mwenye shati la kaki la kampuni ya utalii, aliinama akaokota karatasi ya juu, akajaribu kuisoma kwa sauti.

"Jo... rais... vulu?"

"J'aurais voulu," alisahihisha msichana aliyesimama nyuma yake. Alivaa sketi ya kitenge cha bluu na sweta ya njano, na hereni zake ndogo zilicheza alipocheka. "Ukiendelea hivyo, Wafaransa watafunga ubalozi."

"Samahani, dada. Maana yake nini?"

"Ningalitaka."

"Ungalitaka nini?"

"Ningalitaka kupata karatasi zangu bila alama za buti."

Foleni nzima ilicheka. Sadoki alizifuta moja moja kwa kiganja, taratibu sana, maana hakutaka zimalizike. Kabla umeme haujarudi alikuwa amejua kwamba Aikande anafundisha Kifaransa kila Jumamosi huko Levolosi, katika chumba kilichoko juu ya duka la dawa. Naye Aikande alikuwa amejua kwamba Sadoki ni mwongoza watalii wa msimu tu, na kwamba kampuni yake imeahidi ajira ya kudumu kwa atakayefaulu mtihani wa Kifaransa mwezi wa saba.

"Basi njoo darasani," alisema.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mjukuu. Usichelewe."

Hakuchelewa hata Jumamosi moja aliyokuwa mjini. Kufikia mwezi wa nne darasa lilikuwa limefika kwenye somo gumu kuliko yote, lile la mambo ambayo yangalitokea na hayakutokea.

"Unachukua kitenzi cha kusaidia," Aikande alieleza, chaki mkononi. "Ama avoir, ama être. Unakiweka katika hali ya masharti. Halafu unaongeza kitenzi chako kikiwa katika umbo la jambo lililokwisha. J'aurais dit, ningalisema. Je serais venu, ningalikuja."

"Mbona kusema kuna avoir, na kuja kuna être?" Sadoki aliuliza.

"Kuja, kwenda, kuzaliwa, kufa: hivyo ni vya être. Na akija mwanamke, unaongeza e mwishoni. Elle serait venue."

"Sisi tunatia -ngali- katikati, maisha yanaendelea."

"Na mgeni wako akikuuliza kwa nini hamkumwona faru, utamtilia -ngali- katikati?"

Nice, mhudumu wa hoteli aliyekaa mbele, alicheka mpaka akashika meza. "Lakini mwalimu, tunaitumia lini hasa?"

"Kwa jambo lililowezekana likapotea. Kwa majuto: j'aurais dû, ilinipasa. Na kwa kumlaumu mtu: tu aurais pu me le dire, ungaliweza kuniambia."

Alipokuwa akisema hayo alimtazama Sadoki, kisha akageuka haraka kufuta ubao ambao haukuwa na haja ya kufutwa.

Walikuwa wakipendana, na darasa zima lilijua. Kila Jumamosi Sadoki alimsindikiza kwa miguu kupitia vichochoro vya Levolosi, wakinunua ndizi za kuchoma na kugombania ile iliyoiva zaidi. Akiwa porini alipanda juu ya paa la gari kutafuta mtandao, akampigia.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe na simba wako mmelala?"

"Simba amelala. Mimi nakuwaza."

"Unaniwaza mpaka lini?"

"Tutaona."

Hilo "tutaona" lilimchekesha Aikande mwanzoni. Alijua linatoka wapi. Waongoza watalii wana sheria moja ambayo wakubwa huwafundisha wadogo siku ya kwanza kazini: mgeni haahidiwi chui. Ukimwahidi na chui asitokee, umemwibia siku yake. Sema tutaona, kisha endesha gari. Sadoki aliishika sheria hiyo kwa moyo wake wote, na kwa bahati mbaya alirudi nayo mjini. Aliapa kimyakimya kwamba siku atakayopata ajira ya kudumu, siku hiyohiyo angepeleka wazee kwa mama yake Aikande. Kabla ya hapo hakuona ana haki ya kusema chochote.

Aikande aliwapa wanafunzi zoezi: sentensi kumi katika hali ile, kuhusu maisha yao wenyewe. Usiku alilisoma daftari la Sadoki kwanza. Wageni wangaliona chui kama tungaliwahi. Gari lingalivuka kama mvua isingalinyesha. Duma, matope, tairi. Sentensi kumi, zote sahihi, na yeye hamo hata katika moja. Aliandika "Vizuri sana" kwa kalamu nyekundu na kulifunga daftari. Hakujua kwamba Sadoki alikuwa ameandika ya kumi na moja, akauchana ukurasa.

Mwezi wa tano simu ilikuwa na sauti nyingine.

"Sadoki, leo nyumbani wamekuja wageni. Ni wazee wa kwa kina Hans."

"Hans gani?"

"Wa usharikani kwetu, mhasibu wa kiwanda cha kahawa. Wamekuja kuniposa. Mama anataka jibu langu kufikia Jumapili."

Juu ya paa la gari upepo ulivuma. Chini, wageni wake walikuwa wakipiga picha za twiga.

"Na wewe unasemaje?" aliuliza Sadoki.

"Mimi nimekupigia wewe."

"Aikande, nina mtihani. Nikirudi tutaongea."

"Sikuombi nyumba, wala sikuombi ng'ombe. Niambie neno moja tu nikamwambie mama kwamba kuna mtu. Upo?"

Neno lilikuwa mdomoni mwake. Alilionja. Kisha akafikiria mtihani asioujua, na kazi asiyo nayo, na uso wa Aikande siku ambayo yeye angelazimika kumwambia kwamba ameshindwa.

"Sipendi kuahidi kitu nisichokiona bado," alisema. "Tutaona, mpenzi."

"Sawa," Aikande alijibu.

Mtandao siku hiyo ulikuwa mzuri. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

Aikande alimwachia darasa Nice, ambaye sasa aliweza kuwasaidia wenzake kujisomea, akaacha na kupokea simu. Sadoki, aliyezoea wanyama wanaonyamaza wakiwa salama, alidhani anaachiwa nafasi ya kusoma. Alimshukuru moyoni. Alisoma mpaka macho yakauma, na mwezi wa saba akafaulu, wa kwanza kati ya tisa.

Jumapili iliyofuata alishuka kutoka kwao Olmotonyi na baba yake mdogo, Mzee Ephraimu, aliyevaa koti la suti juu ya sweta kwa sababu ya baridi ya Meru. Mpango ulikuwa kusali kanisani kwa kina Aikande, kisha mchana kwenda kubisha hodi kwa mama yake. Sadoki alikuwa na barua ya ajira mfukoni.

Baada ya mahubiri mchungaji alifungua daftari la matangazo.

"Ndoa, tangazo la pili kati ya matatu. Ndugu Hans wa usharika huu, na binti yetu Aikande."

Mzee Ephraimu alimgeukia taratibu. "Ni huyuhuyu wetu, au mwingine?"

Ibada ilipokwisha, Sadoki alitoka kumtafuta Aikande.

Nje mnada wa sadaka ulikuwa umeanza: mikungu ya ndizi, mayai, jogoo mmoja mwekundu. Alimkuta Aikande kando ya ukuta, akiwa bado na joho la kwaya.

"J'aurais dû..." alianza.

"Usiniongeleshe Kifaransa leo."

"Nimefaulu, Aikande. Nimepata kazi. Baba mdogo yupo pale, tulikuwa tunakuja kwenu leo."

"Leo!" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na hewa. "Nilikusubiri mpaka ile Jumapili, saa nne usiku. Mama amekaa sebuleni, nami nimeshika simu mkononi."

"Nani zaidi? Nani zaidi?" dalali alipiga kelele. "Jogoo anaenda huyo!"

"Unampenda?" Sadoki aliuliza.

"Ni mtu mwema. Siku ya kwanza alikaa mbele yangu akasema anachotaka. Alikuwa anatetemeka, Sadoki, lakini alisema."

"Mchungaji amesema mwenye pingamizi ajitokeze. Bado Jumapili moja."

"Utasimama useme nini? Kwamba tulikula ndizi Levolosi?" Macho yake yalijaa, lakini sauti haikuyumba. "Nimempa mtu neno langu. Ukisimama, utamwaibisha yeye, na mama, na mimi. Tafadhali usisimame."

"Nakupenda. Nataka nikuoe."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatamka maneno hayo. Aikande alifumba macho kama mtu anayekunywa dawa chungu aliyoihitaji jana.

"Asante," alisema, na akaenda walikokuwa wanakwaya wenzake.

Jumapili ya tatu Sadoki alikuja peke yake, akaketi kwenye benchi la nyuma. Mchungaji yule alikuwa na desturi yake: baada ya tangazo la mwisho huacha kimya kifupi kabla ya kuendelea. Akasoma majina, akauliza kama kuna mwenye pingamizi, akanyamaza.

Aikande alikuwa amemkataza asisimame, na kila neno alilimaanisha. Hata hivyo, kimya kilipotanda, vidole vyake vilikaza kitabu cha nyimbo mpaka kucha zikawa nyeupe, na masikio yake yakaenda nyuma kabisa ya kanisa, kutafuta mlio wa benchi.

Sadoki alishika magoti yake kwa mikono miwili. Alikuwa ameombwa jambo moja tu, na safari hii alitaka kulitimiza.

Mtoto alikohoa. Mchungaji alifungua ukurasa mwingine.

"Mazoezi ya kwaya ni Jumatano, saa kumi jioni," alisoma. "Akina mama, msisahau kuni za jikoni. Sasa tusimame wote, wimbo namba mia mbili na kumi."

Usharika mzima ulisimama, na Sadoki akasimama nao.