Aliyepanda Silibwet

Bethwel Kipkirui tulizaliwa naye kijiji kimoja, upande wa juu wa Silibwet, kabla hajahamia Kericho kutafuta maisha. Haya yaliyompata hakuyaficha. Aliyasema mwenyewe mbele za watu, na waliomsikia bado wapo.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, asubuhi ya kawaida kabisa. Bethwel alikunywa chai, akatoka kupasha moto lori lake. Lilikuwa Bedford kuukuu lenye umri kumshinda yeye, na kwa miaka mingi lilikuwa likizunguka mashambani kuchukua majani mabichi ya chai na kuyafikisha kiwandani. Bethwel alilitoa kutu, akalipaka rangi ya kijani na krimu, akachomelea ndoano nene ya chuma kule nyuma. Wakati huo halikubeba chai tena. Lilivuta karavani, nyumba ndogo ya magurudumu yenye kitanda, jiko na mapazia, mali ya tajiri mmoja wa Kericho aitwaye Irungu, aliyeikodisha kwa watu wa mjini wanaopenda kulala porini. Wageni walilipenda lile lori kuliko hata karavani yenyewe. Walipiga picha nalo. Na Bethwel, na kofia yake na miwani myeusi, alipenda kuwamo kwenye picha.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa Jecinta, mama wa Nairobi mwenye kampuni ya kutembeza watalii. Alitaka kujionea mwenyewe safari ya kutoka Kericho hadi kambi moja mbele ya Mulot. Irungu alikuwa amesema kwamba Jecinta akiridhika atamchukua Bethwel awe dereva wake wa kudumu, yeye na lori lake. Kwa hiyo Bethwel alikuwa ameoga mara mbili na kupiga pasi hata soksi.

Simu ilianza kulia wakiwa Litein. Ni Chemutai, dada yake aliyebaki nyumbani na mama yao, Rodah. Bethwel aliigeuza kifudifudi kwenye dashibodi. Tangu Pasaka kazi ya Chemutai ilikuwa kupiga simu: mama amelala, mama hainuki, mama anakuuliza. Bethwel alipita Silibwet karibu kila wiki akiwa na wageni, na nyumba yao haikuwa mbali na lami, lakini hakuingia hata siku moja. Alijiambia kwamba karavani haiwezi kugeuza kwenye kile kijia chao. Simu ikalia tena Kapkatet. Ikalia tena Sotik. Akaizima sauti.

"Kama ni ya muhimu, shika tu," Jecinta alimwambia.

"Hapana, madam. Ni watu wa nyumbani."

Walifika Silibwet kwenye saa tano. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, ule ukungu wa Julai unaofanya madereva wawashe taa mchana. Bethwel akapunguza mwendo. Hapo ndipo alipomwona mtu kando ya lami, mdogo, amejifunga leso, ameinua mkono.

Alikuwa mama yake.

Miguu yake ilikuwa mitupu, imejaa tope jekundu. Ndewe za masikio yake, zilizotobolewa na kunyooshwa akiwa msichana kama desturi ya enzi zile, zilining'inia karibu na mabega. Bethwel alisimamisha lori bila kupenda. Jambo la kwanza lililomjia ni hasira juu ya Chemutai. Kumbe mama anatembea! Kumbe nimekuwa nikidanganywa!

Alishuka, akamsalimu kwa Kipsigis, haraka haraka. Mama hakuitikia salamu.

"Kirui," alisema. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimwita hivyo tena. "Nataka kuketi kando yako. Kidogo tu. Utanishusha popote."

Jecinta alikuwa ameteremsha kioo. "Ni nani? Unamjua? Mwambie aingie hapa kwetu, tutasonga."

Nafasi ilikuwapo. Bethwel alikiri hivyo baadaye. Kile kiti kingeweza kuchukua hata watu watatu. Lakini aliyatazama yale masikio na ile miguu. Akasikia harufu ya moshi na maziwa ya kibuyu. Akamwona Jecinta na kamera yake ghali mapajani. Akaona haya. Akajibu kwa Kiswahili, akicheka kidogo.

"Ah, huyu ni mama mmoja tu wa hapa, madam. Hufulia watu nguo. Wacha nimuweke huko nyuma."

Mama yake alijua Kiswahili. Hakuwa na kingi, lakini hicho kilichosemwa alikielewa. Bethwel aliona amekielewa. Mama aligeuka akamtazama Jecinta, akamwambia kwa lafudhi yake ya Kipsigis, "Asande," kisha akatembea peke yake kuelekea mlango wa karavani.

Bethwel alimfungulia. Akamshika kiwiko ili kumpandisha, na kiwiko kilikuwa baridi kama bomba la maji. Ndani, mama hakugusa kitanda wala kiti. Bethwel akafunga mlango na kusukuma komeo la nje, kwa sababu kitasa kilikuwa kimelegea na Irungu alikuwa ameonya mlango usije ukafunguka njiani. Aliporudi kwenye lori mvuke ulikuwa ukimtoka mdomoni kwa baridi, na Jecinta naye vivyo hivyo. Ndipo alipokumbuka kwamba mama yake alikuwa amezungumza naye uso kwa uso, na mdomoni mwake hakukutoka mvuke wowote.

Aliwasha injini.

Lori lilikuwa zito. Lilipanda kilima kidogo kwa gia ya kwanza, likinguruma kama lilivyokuwa likinguruma siku za kujaza chai. Jecinta alikuwa akizungumza juu ya wageni wa Desemba. Bethwel akiitikia ndiyo, ndiyo.

Ndipo kukagongwa.

Mara tatu, taratibu. Alidhani ni karavani. Akatazama kioo cha pembeni: karavani ilikuwa inafuata vizuri, mapazia yametulia. Kukagongwa tena. Safari hii alijua ni wapi. Ni kwenye bati la nyuma ya kichwa chake, karibu na kisogo. Kati ya kabini na karavani kulikuwa na bodi nzima ya lori, tupu, isiyo na turubai. Hakukuwa na mtu pale. Hakukuwa na mahali pa mtu kusimama.

"Umesikia?" Jecinta aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni boliti. Lori la zamani, madam."

"Kirui," sauti ikaita. Ilitoka kwenye tundu la hewa, chini ya dashibodi. Haikuwa na ukali. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita mtoto aje kula.

Bethwel alinyoosha mkono akafungua redio. Akaongeza sauti. Akaongeza tena, mpaka Jecinta akaziba masikio. Hivyo ndivyo alivyoendesha hadi Mulot, redio ikipiga kelele, jasho likimtiririka ndani ya shati lililopigwa pasi.

Mulot kulikuwa na jua. Watu walikuwa wakiuza mbuzi kando ya barabara. Bethwel aliegesha, akachukua simu. Chemutai alikuwa amepiga mara kumi na saba. Alimpigia akiwa amesimama karibu na gurudumu.

"Uko wapi?" Chemutai hakuwa akilia tena; sauti yake ilikuwa imekauka. "Tunakutafuta tangu asubuhi. Mama ametuacha. Saa kumi na mbili. Mpaka mwisho alikuwa anauliza kama lori lako limepita."

Bethwel alitazama karavani. Komeo lilikuwa mahali pake.

Alilivuta. Akafungua mlango.

Ndani hakukuwa na mtu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile. Sakafuni zilikuwapo nyayo za tope jekundu, ndogo, bado mbichi. Zilitoka mlangoni, zikapita kitanda, zikapita jiko, zikaenda hadi ukuta wa mbele, ule unaotazamana na lori. Hapo zikakoma. Hazikurudi. Alikuwa amekwenda mpaka pale ambapo ukuta ulimruhusu kumkaribia mwanawe.

"Yule mama ameshuka?" Jecinta aliuliza nyuma yake.

Hata wakati huo Bethwel alidanganya. "Alishuka Longisa, kwenye matuta."

Jecinta alitazama komeo. Bethwel alipomwambia amefiwa na lazima arudi, alimpa pole, akapanda gari la watu wa kambi, akaenda zake.

Bethwel alirudi na karavani nyuma, redio imezimwa. Hakuna kilichogonga. Hilo lilimtisha kuliko kugongwa. Nyumbani walikuwa wakimsubiri yeye tu kabla ya kumpeleka mama mochari. Alikuwa amelazwa kitandani, kidevu kimefungwa kitambaa. Chemutai alifunua shuka upande wa miguu, akamwita Bethwel kwa kidole.

"Tangu Pasaka mama hajaweka mguu nje," alinong'ona. "Tumeiosha hii miguu mara mbili. Nieleze."

Nyayo za mama zilikuwa na tope jekundu.

Bethwel alitoka nje akasimama kwenye majani ya chai mpaka gari la mochari likaondoka.

Mazishi yalikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Watu walijaa uwanjani, turubai mbili hazikutosha. Bethwel, kitinda mimba, aliketi mbele na ndugu zake. Kabla ya mahubiri Irungu alifika kutoka Kericho kumpa pole, na alikuwa ameandamana na Jecinta. Ni roho nzuri tu iliyomleta yule mgeni. Alipita mstari wa mbele akiwapa wafiwa mkono, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Chemutai. Kando ya Chemutai, juu ya meza, palikuwa na picha kubwa ya marehemu. Jecinta akaitazama. Akainama kuitazama vizuri.

"Lakini huyu namjua," alisema. Hakupaza sauti, ila kipaza sauti cha mhubiri kilikuwa kwenye meza ileile, na kilikuwa kimewashwa. "Huyu ni yule mama anayefulia watu nguo. Tulimpa lifti. Si ndiye, Bethwel?"



"Lifti lini?" Chemutai aliuliza.

"Alhamisi ile. Saa tano hivi."

"Alhamisi saa tano," Chemutai alisema polepole, "mama alikuwa amelala ndani ya hii nyumba. Nilikuwa nimeshamfunga kidevu kwa mikono yangu." Kisha akamgeukia kaka yake. "Na ni nani alisema mama yetu hufulia watu nguo?"

Bethwel alisimama. Anasema miguu ndiyo iliyosimama, si yeye. Akavua ile kofia. Akasimulia yote, kuanzia simu aliyoigeuza kifudifudi mpaka redio aliyoiongeza sauti. Alipofika kwenye nafasi ya watu watatu, alirudia mara mbili. Hakuna aliyemzomea. Afadhali wangemzomea. Wazee walitazama chini. Chemutai alisogea akamwachia benchi zima, na mpaka jeneza linashushwa hakuna mtu aliyekuja kuketi karibu naye.

Irungu aliichukua karavani siku ileile, akaiosha. Nyayo zilitoka kwa maji ya kawaida. Lakini kwenye ule ukuta wa mbele alikuta doa la unyevu ambalo hakuwahi kuliona, kimo cha mtu aliyeketi sakafuni: mabega membamba, mgongo uliopinda kidogo. Akalipiga rangi. Likarudi. Akabandua mbao akaweka nyingine, likarudi kwenye mbao mpya. Hakuna mgeni aliyekubali kulala humo tena, na sasa karavani imeegeshwa nyuma ya ghala lake huko Kericho, imefunikwa turubai.

Bethwel hawezi kukaa mbali nayo. Lori aliliuza. Kila Jumapili akitoka kanisani huenda pale, huomba ufunguo, huingia na kuketi sakafuni, akiegemea ukuta pembeni ya lile doa. Anasema ukuta wote ni baridi isipokuwa hapo. Hapo pana joto. Irungu humwacha.

Januari iliyopita, wakati wa kiangazi, hata majani ya chai yalipoungua kwa jua, Irungu aliingia peke yake kukagua paa. Doa bado lilikuwa bichi. Alipolimulika kwa tochi aliona kwamba kando yake, bega kwa bega, limeanza kutokea la pili. Ni hafifu bado, lakini linaonekana: mabega mapana, shingo nene, mgongo wa mwanamume.

Bethwel yuko hai, ana afya yake. Irungu bado hajamwambia.