Waliomcheka Fundi Saa

Jirani zangu, leo nyamazeni kidogo mnisikilize. Kucheka mmeshacheka vya kutosha.

Asubuhi za mtaa wetu zilikuwa tulivu. Mimi nafungua duka langu la fotokopi, kinyozi ng'ambo ya barabara anafagia nywele za jana, na saa mbili kasorobo fundi saa anafika na baiskeli yake nyeusi. Anaiegemeza kwenye ukuta wa kiduka chake, jirani na changu, anafuta miwani, anabana lenzi jichoni na kuanza kuokota kwa koleo vyuma vidogo kuliko punje ya mtama. Mkewe alikaa naye humo humo, akipokea wateja na kubadilisha mikanda ya saa.

Kilichovuruga utulivu huo kilikuwa zawadi. Binti yao, muuguzi, alimletea baba yake kofia ngumu ya baiskeli, rangi ya chungwa.

"Baba, mimi ndiye ninayewafunga watu vichwa pale wodini," alimwambia. "Wengi wao hawakuwa na safari ya mbali. Walikuwa wanakwenda dukani tu. Naomba uivae."

"Ukisema wewe, mama, yamekwisha," fundi akamjibu. Kesho yake akaja ameivaa.

Huyu kinyozi mnamfahamu. Ana vioo vinne ukutani na hajawahi kujiona hata katika kimoja. Kwenye benchi lake hukaa wanaume watano ambao hawanyolewi wala hawaondoki. Kazi yao ni kucheka anachocheka mwenye benchi.

"Jamani, tazameni! Fundi kajifunika sufuria!" akapiga kelele. "Unakwenda kwenye mashindano au unakuja kazini?"

"Binti yangu kanishauri, jirani."

"Ah! Siku hizi unavalishwa na watoto? Kutoka kwako mpaka hapa ni dakika kumi. Babu zetu waliendesha vichwa wazi, wakafa kwa uzee!"

Benchi likaangua kicheko. Hakuna aliyeuliza ni babu wangapi, wala wangapi hawakuufikia huo uzee. Na mimi nilicheka. Nilisimama mlangoni na karatasi zangu mkononi, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kinyozi namdharau sana, lakini kicheko changu kile nakidharau zaidi.

Wiki nzima akaitwa Bwana Sufuria. Hata wateja wakaingia na lao: "Saa yangu imeshaiva, Bwana Sufuria?" Mtu mzima mwenye mvi, mikono yake haikutetemeka mbele ya saa yoyote, akashindwa kuwastahimili watu watano wasio na kazi. Wiki ya pili akaja kichwa wazi.

"Kofia iko wapi?" mkewe akamuuliza.

"Ni hapa na hapa tu, mke wangu. Nitaivaa nikienda mbali."

"Na hao wanaokucheka, ukianguka ndio watakaokuuguza?"

Fundi akajifanya anatafuta koleo. Kutoka ng'ambo kinyozi akampigia makofi: "Sasa umekuwa mwanamume!" Kama uanaume ni kuacha kichwa wazi, basi mawe ya barabarani ni madume kutushinda sote.

Alhamisi moja dereva alisimamisha gari mbele ya duka langu. Alikuja kutoa nakala ya cheti. Hakutazama nyuma, alifungua mlango tu. Fundi alikuwa ameshapunguza mwendo, anatafuta pa kuiegemeza baiskeli. Akaugonga ule mlango, akarushwa, kichwa kikapiga ukingo wa saruji. Nilisikia sauti moja kavu. Ilikuwa hatua ishirini kutoka mezani pake.

Mkewe alitoka mbio, akapiga magoti, akaziba damu kwa kitambaa cha kufutia vioo vya saa. Wanaume wa benchi nao walisimama, nisiwasingizie. Mmoja wao alitoa simu akapiga picha.

Fundi alilazwa wiki tatu. Kinyozi hakukanyaga hospitali, wala yeyote wa benchi lile.

Siku aliyorudi dukani, fundi alikaa, akabana lenzi jichoni, akafungua saa ndogo ya mkononi na kutandaza vyuma vyake mezani. Vidole vilimtetemeka. Akaokota kimoja, akakirudisha, akakiokota tena.

"Mke wangu, hiki kinakwenda wapi?"

"Sijui, baba. Wewe ndiye fundi."

"Mimi ni fundi?"

Mkewe akavikusanya vile vyuma, akavitia kwenye bahasha.

Ndipo kinyozi akavuka barabara, uso kaukunja kama mfiwa. "Pole, shemeji. Ndiyo dunia. Ajali haina kinga."

"Kinga ilikuwepo," mke wa fundi akasema. "Uliicheka."

"Lakini shemeji, hata angeivaa angeanguka."

"Angeanguka, ndiyo. Kofia haizuii mlango wa gari kufunguka. Angeanguka, akainuka, akamtukana yule dereva, akarudi kwenye saa zake."

Kinyozi akavuka tena barabara, akarudi kwenye vioo vyake. Mwezi ule ule duka likafungwa. Binti akaomba zamu fupi ili amsaidie mama yake kumvalisha baba.

FUNZO

Vaa kofia ngumu unapopanda baiskeli, hata kama unakwenda mtaa wa pili. Barabara haikuulizi unakwenda wapi. Ukichekwa, vumilia, kicheko hakijampasua mtu fuvu.

Na wewe unayecheka, jua kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Usiseme hukumsukuma. Ulimvua kofia kwa ulimi, ukaketi kwenye benchi kungoja yatakayompata, na yalipompata ukayaita majaliwa.

Mimi siku hizi kila Jumapili nakwenda kumkata fundi kucha. Hunipa mkono kwa adabu, hushukuru, na kila Jumapili huniuliza mimi ni nani. Nakosa jibu, maana la kweli ni kwamba mimi ni mmoja wa waliomcheka.